Saa Mbili

Tulikubaliana saa mbili.
Mimi Mlimwa, kwenye chumba cha mitambo kisicho na dirisha,
feni inakoroma, nzi mmoja amekufa juu ya ruta;
Sechelela Kibaigwa, nyuma ya soko la mahindi,
kilomita tisini na kitu, upande wa pili wa waya.

Wiki iliyopita mtu alichomeka kidude chake pale sokoni
kikajitangaza jirani. Hakuna aliyekiuliza kwenu wapi.
Kikasema: njia ya benki inapita kwangu,
na ruta zetu, kwa malezi mema zilizopewa, zikaamini.
Malipo ya magunia mia nne yakatumbukia
mahali pasipo na mwangwi.
Ndipo bosi akapiga meza: kuanzia sasa
hodi peke yake haitoshi.

Neno tulilipanga bila kulitamka.
"Jina la yule mbwa wa Pandambili," akasema kwenye simu,
"herufi ndogo tupu, halafu idadi ya nyuzi zako."
Nikapapasa shavu la mguu, nikazihesabu upya.
Hapa sizitaji.

Neno lenyewe halipandi waya.
Kinachosafiri ni wayo wake tu,
kama wayo kwenye vumbi la kiangazi:
unajua nani kapita
lakini huwezi kumvua kiatu.

Saa mbili ikafika. Ufunguo mpya ukashika upande wangu.
Nikasubiri.
Ruta hubisha kila sekunde kumi, haichoki, haioni haya;
zikipita arobaini bila jibu, imekuandika marehemu.
Arobaini! Kwetu ni siku, tunapika, ndugu wanatoka mbali.
Hapa hata chai haijapoa.
Kibaigwa ikafutika.

"Sechelela, umeandika mbwa?"
"Nimeandika."
"Nyuzi?"
"Zote."
"Hujaacha nafasi mwishoni? Kidole gumba hakijateleza?"
"Mkumbo, usinifundishe yule mbwa. Mimi ndiye niliyemrushia jiwe."
Nyuma yake lori likapiga honi, mtu akauliza
mizani itafunguliwa lini, mwingine akamjibu kwa Kigogo
jambo ambalo Sechelela alikataa kunitafsiria.

Nikasoma mstari wangu, akasoma wake,
kama washenga wanaohesabu mahari kwa tochi,
mpaka tukafika penye saa.
Mimi: ishirini, sifuri sifuri.
Yeye: sifuri mbili, sifuri sifuri.
Kimya. Feni.
"Si ulisema saa mbili?"
"Saa mbili usiku."
"Na mimi nimeandika ya asubuhi?"

Sikuwa na jibu. Sisi siku yetu huanza
jua likishatoka, kuku wamekwisha kutawanyika uani.
Mashine huanza yake gizani, sote tumelala.
Katikati pana saa sita
ambazo tangu utoto tunaziruka bila kutazama chini,
kama korongo kavu njia ya shule.
Ruta ya Kibaigwa haijui kuruka.
Ilikuwa na neno sahihi mkononi, mbwa na nyuzi zake,
na ilikuwa radhi kukaa nalo mpaka saa nane za usiku,
magunia nje, madereva wanatukana,
haina ubishi, haina papara,
inamkana jirani yake kwa utii.

Akafuta. Akaandika.
Hodi ya kwanza. Hodi ya pili.
Kwenye kioo mstari mwekundu ukageuka kijani
na mahali fulani mbali nikasikia, kupitia simu,
bati la mizani likilia chini ya gunia.

Ufunguo wa zamani bado haujafutwa.
Nitaufuta kesho; saa yake nimeiandika
kwa tarakimu, kwenye karatasi, nikaipigia mstari.

"Mbukwenyi," akasema Sechelela kabla hajakata,
kwa wingi,
akituhesabu mimi na ruta.